Wimbo wa Tatu Haurukwi

Siku nikipata cheo cha kutunga sheria, hata kiwe cha mwenyekiti wa mtaa, kitu cha kwanza kupigwa marufuku ni kile kitufe chenye mishale miwili iliyopishana. Kile cha kuchanganya nyimbo. Nina mpwa anayekaa kwangu akisoma chuo, na sijawahi kumwona akisikiliza albamu bila kukibonyeza kwanza. Anaunganisha simu yake na sabufa niliyoinunua mimi, kwa umeme ninaoununua mimi, anabonyeza, kisha sebule inavurugika: kaswida, singeli, kaswida nyingine, mtu analia kaachwa, halafu tangazo la bando.

"Mjomba, si nyimbo ni zilezile?"

Zilezile! Hata herufi za jina lako ni zilezile ukizichanganya. Nenda nazo benki uone kama utapewa hela.

Tatizo watoto hawa hawakulelewa na kanda. Philips waliileta duniani mwaka 1963, na mpaka inafika kwenye redio ya baba yangu ilikuwa imeshakuwa sheria ya nyumba. Upande A kwanza. Ukiisha, kitufe kinajifyatua, mdogo kuliko wote anatumwa kugeuza. Kurukia wimbo unaoutaka ilikuwa anasa. Kupeleka mbele kunakula betri, na betri zenyewe zilikuwa zile tunazozianika juu ya bati zipate nguvu mara ya pili na ya tatu, mpaka zitoe maji. Halafu ukizidisha kupeleka mbele na kurudisha nyuma, redio inakula kanda. Unafungua mlango wake unakuta utepe umejisokota kwenye kile kigurudumu cha mpira, unautoa taratibu ukiomba Mungu usikatike, unachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu na kuanza kuuzungusha urudi ndani, jino kwa jino, huku baba amekaa pembeni hasemi kitu. Ukishapitia hayo, unatulia na kusikiliza ulichopangiwa.

Na kwa kutulia ndipo mtu alipokutana na wimbo wa tatu. Si lazima uwe wa tatu kwa hesabu. Ni ule ambao hakuna aliyeinunua kanda kwa ajili yake. Wa kujazia. Gitaa linazunguka palepale, mwimbaji anataja majina ya matajiri na marafiki zake, tarumbeta inaingia imechelewa. Mara ya kwanza unauvumilia. Baadaye unagundua kwamba ndio wakati mama anapokwenda jikoni kuangalia maharage, maana wa nne ndio wimbo wake na hataki umkute ameshika mwiko. Baadaye tena unajikuta bombani na ndoo, unapiga mluzi, na ukijisikiliza ni huohuo wimbo wa kujazia. Wa nne ulipoingia, raha yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kusota. Mpwa wangu anao huo wimbo wa nne kwenye simu, peke yake, katikati ya singeli. Aliusikiliza akasema ni mzuri. Mzuri! Nilitoka nje nikaenda kukaa barazani.

Mpaka leo nikiusikia redioni, ukiisha tu sikio langu limeshatangulia kwenye gitaa la wimbo unaofuata. Badala yake anaingia mtangazaji na habari za mikeka.

Wazee wa santuri walibanwa kuliko sisi, na kubanwa kukawapa akili. Santuri kubwa inabeba dakika ishirini na kitu kila upande. Inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kuanzia ukingoni mpaka kwenye lebo, haibadiliki. Lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu, na ule wa karibu na lebo ni mfupi, wakati muda wa kuuzunguka ni uleule. Kwa hiyo sindano ikisogea ndani, sauti inabanwa kwenye njia fupi, inaanza kukwaruza, hasa zile sauti kali. Ndiyo maana watengenezaji wengi walipenda kuweka wimbo wa kishindo mwanzo wa upande na wa taratibu mwishoni. Mimi nilidhani wasanii wote wakifika wimbo wa mwisho wanashikwa na majonzi. Kumbe ni sindano.

Santuri ndogo ndizo zilizokuwa na vituko. Zinabeba dakika chache tu kila upande, na rumba ya Kongo haijawahi kumaliza jambo kwa dakika chache. Basi nyimbo nyingi, za Kongo na za Nairobi, zikakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, mwimbaji anaeleza shida zake, sehemu ya pili upande wa pili, magitaa yanachachamaa. Maana yake ni kwamba wimbo ulikatika pale watu walipokuwa wameshasimama. Wenye wake zao wamewashika, wasio nao wamewashika wa wenzao, muziki kimya, na mtu mmoja anahangaika kugeuza santuri gizani. Hakuna aliyekwenda kukaa. Nitajie kijana mmoja wa leo atakayesimama wima katikati ya chumba, mikono hewani, kwa heshima ya sebene ambalo bado halijaanza.

Msije mkadhani huu ni ubishi wa wazee wa Kimara. Pink Floyd walipotoa The Dark Side of the Moon mwaka 1973, waliianza kwa mapigo ya moyo na kuimaliza kwa mapigo ya moyo. Ichanganye uone: moyo unasimama wimbo wa pili, matangazo yanapita, unafufuka wimbo wa saba, na daktari hajaitwa. Novemba 2021 Adele naye, albamu yake iitwayo 30 ilipotoka, aliwaambia Spotify kwamba watu hawapangi nyimbo kwa bahati mbaya. Wakamsikiliza, wakafanya kitufe kikubwa cha kwenye albamu kipige nyimbo kwa mpangilio wake, anayetaka kuvuruga akatafute mwenyewe. Habari hiyo niliisoma kwa sauti mezani, nikarudia sehemu ya "kwa mpangilio".

Mpwa wangu akaendelea kumenya ndizi. "Mjomba, Kendrick Lamar je?"

Akanieleza, na ni kweli. DAMN. ilitoka Aprili 2017 ikiwa na nyimbo 14. Desemba mwaka huohuo jamaa akaitoa tena, nyimbo zilezile, safari hii kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. "Sasa huo mpangilio mtakatifu uko wapi?"

Uko palepale. Mtu kakaa akapanga, akainuka, akarudi akapanga kinyumenyume, na akafurahi kwamba hadithi inabadilika. Kama mpangilio haujalishi, Kendrick angehangaika hivyo kwa lipi? Mtu huyo ni wa kwetu, tena ni mkereketwa kuliko mimi. Mpwa akasema, "Haya mjomba," kwa ile sauti wanayotumia watoto kumaliza mazungumzo na mzee anayewalipia ada.

Haki itendeke, wasanii nao wanachangia. Spotify wanahesabu wimbo umesikilizwa ukifikisha sekunde 30, basi kiitikio kinakimbizwa mwanzoni, ngoma zote kali zinarundikwa juu, na mkiani zinabandikwa nyimbo mpaka ishirini ili hesabu zipande. Ukifika ya kumi na nne unasikia kabisa kwamba mwenye albamu ameshaondoka studio, kamwachia prodyuza amalizie. Huku kwetu ndiyo usiseme: mpaka albamu inazinduliwa, nusu ya nyimbo zake tumeshazichezea harusi za ukoo mzima.

Mama watoto ni mtu wa Unguja, na kwao jambo hili halina mjadala. Nenda kwenye taarab ya Ikhwan Safaa, klabu iliyoanza mwaka 1905. Haianzi na mwimbaji. Inaanza bashraf, ala tupu: fidla, ganuni, udi, akodioni, wanakwenda taratibu hawana haraka na mtu. Mgeni anadhani bado wanalinganisha vyombo. Mama watoto ananiambia bashraf ina kazi kubwa: waliochelewa wanapata nafasi ya kukaa, na waliowahi wanapata nafasi ya kuangalia waliochelewa wamevaa nini. Ukiiondoa, mwimbaji wa kwanza anaimbia viti vinavyoburuzwa na watu wasiosikiliza, kwa sababu bado hawajamaliza kuhesabu dhahabu za mwenzao. Nilimuuliza kama na yeye hakipendi kile kitufe cha mpwa wangu. Akasema kinamfaa akipiga deki. Ndoa ina mengi.

Pa kujificha paliponibakia ni kwenye gari. Gari langu lina redio ya flashi, haijui simu wala intaneti, nikasema hapa sasa nitasikiliza albamu kama zilivyopangwa. Nikaenda kwa kijana wa kibandani anayeingiza nyimbo, nikamwandikia mpangilio wote kwenye karatasi, naye akazipa nyimbo namba, moja mpaka kumi na mbili. Asubuhi nikawasha gari. Ukapigwa wa kwanza, safi. Ukafuata wa kumi. Kisha wa kumi na moja, wa kumi na mbili, ndipo ukaja wa pili. Redio ile haisomi namba kama mwalimu wa hesabu, inazisoma kama karani wa masijala: kila kinachoanza na moja kinakaa pamoja, utu uzima haujalishi. Albamu nzima ikawa inakaribisha, inaaga mara tatu, kisha inaanza kusalimia. Kijana nilipomrudishia alisema ilitakiwa iandikwe sifuri moja, sifuri mbili. Kwa nini hakuandika? Akasema karatasi yangu haikuwa na sifuri.

Akanitengenezea upya, safari hii albamu zangu zote kwenye flashi moja. Akafuta namba zote, zikabaki herufi za majina ya waimbaji. Na redio yenyewe haina kumbukumbu, ukizima gari kesho inaanza upya. Kwa hiyo kila siku ya Mungu, nikigeuza ufunguo, Alikiba. Majirani wameacha kuweka saa za kuwaamsha. Foleni ikiwa ya kawaida, nikifika Ubungo niko kwenye D. Siku za mvua, pale Magomeni, nakaribia Mbaraka Mwinshehe. Remmy Ongala simpati mpaka msafara wa kiongozi upite. Zuchu hajawahi kuimba ndani ya gari hili, hata salamu.

Desemba tunakwenda Moshi, na hesabu nimeshaipiga: Mbaraka ataingia baada ya Mlandizi, Remmy atatukuta tunaitafuta Segera, na Zuchu, Mungu akipenda, Korogwe. Familia nimeitangazia kwamba atakayenyoosha mkono kuruka wimbo wowote, hata ule wa tatu wa mtu yeyote, atashuka Segera. Mabasi ya Tanga yanapita pale mengi tu.