Kamba Wasiojua Kula Kingine

Nyumbani kwetu Leicester tunaishi watu watano na kamba wawili, na mlo hupangwa kwa kuanzia na kamba. Watoto wakikataa bamia hulazimishwa. Mimi nikikataa bamia hulazimishwa vilevile. Kamba wakikataa kitu, hakuna anayewalazimisha. Hutafutiwa wanachotaka, na wanachotaka ni kimoja tu duniani: kiti cha pweza.

Kamba hawa huitwa harlekwini. Mwili wao ni mweupe wa maziwa wenye mabaka ya waridi, zambarau au buluu, na magando yao mapana, bapa, huyapunga mbele kwa madaha. Mkubwa wao ana sentimita 5 hivi. Mmarekani James Dwight Dana aliwapa jina la kitaalamu, Hymenocera picta, mwaka 1852, na jamii yao inapatikana kuanzia matumbawe ya Afrika Mashariki hadi ng'ambo ya Pasifiki. Ukiwaona utadhani wanaishi kwa umande. Watupie vipande vya samaki, watavipita. Watupie vidonge vya dukani, watavikanyaga. Lakini tia majini kiti cha pweza kinachowazidi ukubwa mara kadhaa, uone. Watapepesa vipapasio wanuse, watatoka mafichoni mume na mke, watakipindua chali, watakiburura hadi gizani, na wataanza kukila kutoka ncha ya mkono kuelekea katikati. Hawana haraka. Kikiliwa kwa kuanzia pembeni, kitoweo hubaki hai siku nyingi bila kuoza. Friji waliivumbua zamani, sisi tumewafuata.

Waliletwa kwa kazi maalumu. Tangi letu la maji chumvi lilikuwa limevamiwa na viti vya pweza vidogo viitwavyo asterina, ambavyo huingia nyumbani vimejibanza kwenye mawe na matumbawe ya dukani. Kimoja hakizidi ukucha, na hakina haja ya mchumba: hujipasua vipande viwili, kila kipande huota mikono iliyopungua, kisha kila kimoja huanza kufikiria kujipasua tena. Ukiwasha taa asubuhi, kioo chote kimetapakaa. Mama watoto alisema kwamba siku ya posa yake hakuna aliyemtajia habari ya upele wa baharini.

Mwenye duka akanishauri ninunue harlekwini wawili. "Hutaona tena hata kimoja," aliniahidi, na alisema kweli. Wauzaji wa namna hii ndio wa kuogopwa, wale ambao nusu ya kwanza ya maneno yao ni kweli tupu na nusu ya pili hawaitamki. Wahenga walitufunza kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikabidhiwa jembe siku ileile ya kwanza, wakalima shamba lote, wakamaliza, wakasimama ukingoni wakinitazama kuuliza shamba jingine liko wapi.

Wafugaji wengi wana njia yao. Hununua kiti cha pweza kikubwa, aghalabu kile cha Asia chenye vinundu vya kahawia, wakakifuga peke yake kwa sababu kikiachwa kwenye tangi kubwa kitatafuna matumbawe. Kila baada ya wiki moja au mbili hukata mkono mmoja, kamba wakapata posho yao. Kiumbe huyu hana damu wala ubongo. Maji ya bahari ndiyo yanayozunguka mwilini mwake na kuendesha vijiguu vyake, na mkono uliokatwa huota upya kwa miezi. Wengine huweka mikono ya akiba kwenye friza. Sisi tulifanya yote mawili: kimoja hai kwenye tangi dogo kabatini, na akiba ndani ya friza, baina ya sambusa za Ramadhani na mfuko wa muhogo.

Hapo ndipo mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Likoni. Alifungua friza akitafuta tui la nazi.

"Mwanangu, hiki si kiti cha pweza?"

"Ndicho, mama."

"Kimefikaje huku?"

"Nimekinunua."

"Kwa pesa?"

Nikamtajia bei. Akaigeuza kichwani ikawa shilingi, akavuta kiti cha jikoni, akaketi. Kwao, maji yakipwa, viti vya pweza vyekundu hubaki kwenye vidimbwi katikati ya majani ya bahari. Watoto huviruka wakienda zao, na watalii huviinua kupigia picha. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama kilo ni kiasi gani. Na alipoelezwa kwamba hata bahari yenyewe tunainunua, chumvi ya ndoo, gramu 35 kwa kila lita ya maji yaliyochujwa hadi yakaishiwa na ladha, alisema maneno machache kuhusu karo aliyonilipia. Usiku nilimsikia akizungumza na dada yake kwa simu: "Wote wazima, alhamdulillahi. Ni huyu mwanangu tu, ananunua maji ya bahari."

Lakini lililomfanya mama awe upande wa kamba lilikuwa msiba.

Kwa harlekwini, jike humzidi dume ukubwa, na kwa sababu hiyo watoto walikuwa wamewaita Bi Mkubwa na Bwana Mdogo. Sasa, kamba akikua hujivua gamba, na gamba hilo hutoka zima, na vipapasio vyake na magando yake, likalala mchangani likiwa na kila kitu isipokuwa mwenyewe. Binti yangu aliamka mapema siku ya shule, akaliona, akalia, kisha akafanya anachofanya kila mtu siku hizi akipatwa na jambo. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Bi Mkubwa ametutoka leo alfajiri."

Katika ukoo wetu kuna Bi Mkubwa mmoja tu anayejulikana, naye wakati huo alikuwa jikoni kwangu akisukuma chapati.

Simu zikaanza kulia. Mjomba wa Muscat alikuwa tayari anauliza nafasi za ndege. Shangazi wa Kisauni alikuwa ameshawaambia majirani, na majirani walikuwa wameshaanza kuazima viti. Mama alipokea simu ya dada yake kwa mikono yenye unga, akasikiliza kilio kwa muda, akauliza, "Nani kafa?" Akajibiwa. Kimya. "Mie?" akasema. "Mie nasukuma chapati."

Ilichukua asubuhi nzima kuufuta msiba. Kueleza kwamba marehemu alikuwa kamba hakukusaidia, kwa sababu kila aliyeelezwa alitaka kujua kwa nini kamba amepewa cheo hicho, na wako ambao mpaka leo wanaamini tulikuwa tunaficha jambo. Jioni, Bi Mkubwa wa tangini akatoka nyuma ya jiwe, anang'aa, gamba jipya, anataka chakula. Mama alimtazama kwa muda, kisha akaniambia: "Mlishe huyo ashibe. Tumekufa pamoja."

Basi ikawa amri, na amri ya mama haijadiliwi. Kizuizi kikatokea kwa kijana wangu wa mwisho, ambaye alikuwa amekipa jina kile kiti cha pweza cha kabatini. Alikiita Tano, kwa kuhesabu mikono. Siku ya mkasi ilipofika, akasimama mbele ya kabati amekunja mikono yake mwenyewe.

"Ukikata, ataitwa nani?"

"Utaota tena, mwanangu."

"Na mpaka uote, ataitwa Nne?"

Nikamtazama mama anisaidie. Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana mbuzi wa Idi hapewi jina," akasema, na hukumu ikawa imepita. Tano amestaafu akiwa na mikono yake yote. Anakula kome, anapanda kioo, anashuka kioo. Kwa maneno mengine, tuna chakula cha kamba ambacho hakiliki, na ambacho chenyewe kinadai kulishwa.

Akiba ya friza ilipokaribia kuisha, ilibidi nirudi kwenye asterina, wale wale niliolipa pesa watokomezwe. Nikaanza kuwaombaomba kwa wafugaji wenzangu. Ukimwendea mtu umebeba ndoo, ukamwambia unataka takataka iliyomjaa tangini, hukukumbatia kwanza, kisha hukutilia shaka. Nikawatengea beseni lao dirishani, penye mwanga, kwa sababu asterina huishi kwa utando na mwani. Mwani niliokuwa nikiukwangua kila mwisho wa wiki sasa naubembeleza uote. Naulea mwani uliwe na asterina, nawalea asterina waliwe na kamba, na matumbawe ambayo ndiyo yaliyonifanya ninunue tangi sina wakati wa kuyatazama.

Aliyenipa asterina wengi kuliko wote ni jirani yetu, mzee wa Kihindi aliyefika Leicester mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda. Kiswahili chake kilibaki Kampala ya wakati ule, nacho hukitumia kwangu kwa furaha. Juzi alikuja kunilalamikia kwamba kila akinigawia wanazidi.

"Bwana, mimi nachoka na hawa. Nipe hao kamba yako, wakae kwangu kidogo. Wakimaliza, narudisha."

Mama watoto aliitikia kabla yangu. Tukawasafirisha Bi Mkubwa na Bwana Mdogo ndani ya ndoo yenye mfuniko, mama akiwa ameshika taa mbele, na nyumba ikapata likizo. Beseni likapumzika. Friza ikabaki na sambusa na muhogo peke yake. Jumapili moja niliketi mbele ya tangi nikayatazama matumbawe yangu, nikagundua kwamba moja limeota kubwa bila idhini yangu.

Kisha mzee akapiga simu, usiku, kwa sauti ya chini.

"Bwana, chakula inakwisha."

"Ndiyo makubaliano, Mzee. Wakimaliza, warudishe."

"Iko shida. Nimeficha kama kumi hivi ndani ya ndoo ingine, kamba wasione."

"Kwa nini?"

"Sasa wakikosa kabisa? Usiku huyu mama kamba anakuja kwa kioo, ananiangalia. Mimi siwezi kulala." Akanyamaza kidogo, kisha akashusha sauti zaidi. "Hebu sema. Hii ya ndoo yenyewe inakula nini?"

"Mwani, Mzee. Waweke penye mwanga, na vioo vya tangi visipanguswe."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, viatu vikikimbia, na mzee akimpigia mkewe kelele aweke kitambaa chini.