Gari Linakwenda 495

Foleni ya Dar es Salaam hainisumbui. Zinazonisumbua ni namba za magari yaliyomo humo.

Chanzo cha balaa ni mwalimu wa shule wa huko Devlali, India, D. R. Kaprekar. Mwaka 1949 alitangaza kwamba ukichukua tarakimu nne zisizofanana zote, ukazipanga kuanzia kubwa, ukatoa zilezile zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo, kisha jibu ukalifanyia vivyo hivyo, mwisho utaangukia 6174. Tarakimu tatu nazo zina kituo chao: 495. Na gari la Tanzania lina tarakimu ngapi? Tatu!

Basi nimekaa dirishani kwenye daladala, mbele kuna pikapu, T 718, herufi ziache. 871 toa 178, 693. 963 toa 369, 594. 954 toa 459, 495. Hapo hata uendelee hadi kesho, ni 495 tu. Pikapu imefika, mimi nimepitishwa kituo. "Mzee, si nimeita shusha?" konda ananifokea. "Umekaa unahesabu hela za nani?"

Tena hesabu hii haipigwi bila kukodoa macho na kuchezesha midomo. Majuzi dereva mmoja alishusha kioo: "Bro, hili gari nimelipia kila kitu. Nani kakutuma?" Nikamweleza kwa upole kwamba gari lake linakwenda 495. Akasema linakwenda Mbagala.

Mama watoto ndiye aliyeuliza swali la maana: kwa nini zote ziishie palepale? Nikamwambia, jibu la kwanza siku zote ni 99 mara tofauti ya tarakimu kubwa na ndogo. Kwenye 718, nane toa moja ni saba. 99 mara 7, 693. Kwa hiyo magari yote mjini, baada ya hatua moja tu, yanagawana majibu tisa, na hakuna linalozidi hatua sita kufika 495. Alisikiliza vizuri sana, halafu akauliza vitunguu alivyonituma viko hatua ya ngapi.

Wanaosalimika ni wenye tarakimu za kufanana. Jirani yangu ana T 777, na namba hiyo anaisifia kuliko injini. Ipange utakavyo: 777 toa 777, sifuri. Sijamwambia. Asubuhi huwa ananipa lifti.