Besi la Nailoni, Chimwaga: Mwongozo kwa Wabishi

Kwanza kata shauri kwamba hutaki gitaa la besi la umeme kama wapigaji wote wa kwaya. Unataka la mbao, lenye tumbo na tundu, linalolia lenyewe bila spika, tena la nyuzi za nailoni. Ukishasema hivyo umekosana na karibu kila duka la vyombo vya muziki kuanzia Dodoma hadi Kariakoo, na kazi ngumu imekwisha.

Usikate tamaa. Ni Chimwaga hapa ambapo CCM ilimpitisha Benjamin Mkapa mwaka 1995 na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Panapopatikana rais hapakosi gitaa. Teremka mjini ukaulize. Muuzaji hatakuangusha, maana neno "hakuna" hajawahi kufundishwa. "Nailoni? Ipo, bosi wangu." Atakuletea seti ya nyuzi nyeusi, laini, zinazoteleza vidoleni. Usibishane naye. Toa sumaku mfukoni uziguse. Zikinata, ndani ni chuma na nailoni ni koti tu. Zinalia vizuri, sikatai, lakini hukutoka nyumbani kufuata koti.

Sasa gitaa lenyewe, na hapa itabidi ununue kinyume na ulivyolelewa. Tangu Ernie Ball atoe Earthwood yake mwaka 1972, besi nyingi za mbao zimejengwa zistahimili mvuto wa nyuzi za chuma: ubao wa juu mnene, mbavu nene ndani. Nailoni ni nyepesi na haivuti sana, ilhali uzi wa chini kabisa unatakiwa kutikisika mara 41 hivi kwa sekunde na kuutikisa ubao pamoja nao. Ubao ukikataa, utasikia kucha zako kuliko noti. Kwa hiyo ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukiitika, chukua, ukinyamaza kama mlango wa benki, rudisha. Muuzaji akikuapia kwamba "hili ni imara, halivunjiki", muage.

Nyuzi za nailoni ni nene, hivyo fundi atapanua kwa tupa vile vijifereji vya shingoni zinamopita. Simama karibu naye. Akizidisha kidogo tu, uzi utagonga freti maisha yake yote.

Ukilinunua Dar, treni ya SGR italifikisha kwa saa chache. Tatizo ni kwamba ubao uliozoea unyevu wa pwani umepandishwa zaidi ya mita 1,100, mahali ambapo mvua za Aprili zikikatika ndiyo basi hadi mwisho wa mwaka. Weka sponji yenye maji kidogo ndani ya kasha, la sivyo utasikia "ta!" usiku wa Agosti.

Ukitaka siku moja kuliunga na spika, usidanganyike pia na pikapu ya sumaku. Haiisikii nailoni kabisa. Tafuta ile inayokaa chini ya daraja na kunasa mtikisiko.

Waalur wa Uganda wana adungu kubwa la besi, tumbo pana, nyuzi za nailoni, kila ulichoomba isipokuwa freti. Karibu zaidi, nenda Chamwino, mwamkie mzee "mbukwa", umweleze shida yako. Atakuletea ilimba: sanduku la mbao na ndimi za chuma, besi ipo humo humo. Hukwe Zawose alizunguka dunia na chombo hicho hadi alipofariki mwaka 2003. Hakina uzi hata mmoja. Mshukuru babu kwa adabu, kisha uendelee kutafuta.