Spika Isiyojua Kuwa Iko Arua

Spika isiyotumia waya ikikataa kuimba baada ya ruta kuzimika na kuwaka tena, hushukiwa mengi: ni feki, mtoto ameichezea, jirani ana kijicho. Mimi naitetea. Spika hiyo ni nzima. Kosa lake ni kwamba ilibuniwa na watu ambao ruta zao huzimwa pale tu wanapohama nyumba, kisha ikaletwa West Nile, Uganda, ambako ruta huzimika bila kumuuliza mtu. Tazama umeme unavyorudi huko, mjini Arua: unaamsha friji, taa, ruta na spika kwa mpigo mmoja. Spika huwa tayari baada ya sekunde chache, lakini ruta, hasa ile ya laini ya simu ambayo lazima kwanza itafute mnara, inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Spika inakuwa kama mgeni aliyefika harusini wenyeji wakiwa bado wamelala: inabisha, haiitikiwi, inabisha tena, na ile yenye subira fupi hujikalia kimya mpaka mtu aichomoe na kuichomeka upya. Ruta ikishaamka hugawa anwani, na si lazima kila chombo kipewe ile ya jana. Simu nayo, ruta ilipozimika, ilihamia kimyakimya kwenye bando la mwenyewe, na huenda bado iko hukohuko ikiitafuta spika mahali isipokuwepo, huku shilingi zikiyeyuka. Simu na spika ziko juu ya meza moja, lakini haziko katika mtandao mmoja. Watu wa Koboko, wenye Kongo upande huu na Sudan Kusini upande ule, hawahitaji kuelezwa kwamba kukaa karibu si kukaa upande mmoja wa mpaka.

Atatokea mtu aseme hayo ni mambo ya zamani. Kweli, kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo, iliyoanza kazi huko mwaka 2003, ilitegemea jenereta, na mwaka 2012 likaongezeka bwawa dogo la Nyagak, wilayani Zombo, lenye megawati 3.5, kiasi ambacho bwawa kubwa la Karuma, lenye megawati 600, lingeweza kutoa likipiga miayo. Mwaka 2024 nyaya za gridi zikafika. Nafurahi kama wengine, ila hoja hiyo inapima kitu kisichohusika. Sisi huhesabu saa za giza. Ruta huhesabu mara. Umeme ukikatika usiku kucha, ruta imewaka upya mara moja. Ukikonyeza mara nne jioni moja kwa sababu ya upepo na tawi la mwembe, taa zimepepesa tu na hakuna aliyenuna, lakini ruta imekufa na kufufuka mara nne, na spika imeachwa njiani kila mara. Mkonyezo wa nusu sekunde, ambao hakuna anayejisumbua kuulalamikia, ndio unaoua muziki.

Pingamizi lenye uzito ni la fundi: nunua kibetri cha ruta, mwekee spika anwani isiyobadilika, yaishe. Fundi yuko sahihi, na kwa nyumba nyingi ndivyo itakavyokuwa. Ruta haili umeme mwingi; kibetri kidogo kinaivusha, na spika ikizinduka inaikuta macho. Lakini tuhesabu tulichonunua. Mtu alitoa pesa ili aepuke waya mmoja, na sasa ana waya wa spika, waya wa ruta, waya wa kibetri, na namba ya fundi. Na ile anwani isiyobadilika itadumu mpaka siku mtoto atakapochokoa kitufe cha nyuma ya ruta kwa njiti ya kiberiti.

Kwa hiyo anayekwenda kununua asiulize kuhusu besi wala rangi. Amwombe muuza duka aunganishe spika na simu kupitia ruta ya hapohapo dukani, apige wimbo, kisha azime swichi kuu na kuiwasha tena bila kugusa kitu kingine. Muuza duka atakuwa na sababu nyingi za kutofanya hivyo, na atazitaja kwa sauti ya juu, maana nyuma yake sabufa kuukuu yenye flashi inamzidi kelele.