Msithubutu Kutengeneza Flashi ya Rikavari

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wenye makarasha, madalali wa dhahabu, walimu, wauza mitumba, na ninyi mama lishe mliokuja kwa sababu hapa pana kivuli: itifaki imezingatiwa.

Mimi ndiye Mtaalamu. Hapa Katoro wapo wanaoitwa mafundi, na hapo Buseresere wapo wanaojiita wataalamu, lakini mnajua wenyewe kwamba mpaka wa wilaya za Geita na Chato ndio mpaka wa elimu pia. Cheti changu kingekuwa kimetundikwa ukutani kama kibanda changu kingekuwa na ukuta.

Nimewaita kwa dharura. Mwalimu mmoja wa sekondari, jina lake nalistahi, amenunua laptopu mpya ya boksi. Kabla hata hajaibandua nailoni, akachukua flashi na kujitengenezea rikavari ya Windows mezani kwake, bila kuja kuniona. Juzi laptopu ikagoma kuwaka. Akachomeka flashi yake, na jioni yake alikuwa anaandaa mitihani ya kidato cha pili. Kibaya zaidi, akiulizwa amefanyaje anaeleza, na anaeleza bure! Mji wa biashara kama huu, mtu anatoa maarifa bure, na serikali ya mtaa imenyamaza.

Tuanze na historia, maana mtaalamu asiye na historia ni muuza vocha tu. Zamani kompyuta ilikuja na CD zake ndani ya boksi. Ikiharibika, unatia CD, unapiga Windows upya, unaendelea na kazi. Kilikuwa kipindi kigumu sana kwetu sisi wasomi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wakaona CD ni gharama. Wakaacha kuzitia kwenye boksi, na ile Windows ya akiba wakaificha ndani ya diski ileile, kwenye patisheni ambayo mtumiaji wa kawaida haioni. Ukikwama, unawasha mashine huku unabonyeza kitufe: HP ni F11, ASUS ni F9, Acer ni Alt pamoja na F10, na Lenovo nyingi zina kitundu ubavuni cha kuchokoa kwa pini. Nayataja haya hadharani kwa sababu nina hakika hamtayakumbuka.

Patisheni hiyo ina udhaifu mmoja, nao ndio uliojenga kibanda changu. Akiba na kitu kinachowekewa akiba vinalala kwenye diski moja. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, vumbi la mawe linaingia kwenye feni, diski inakufa, na akiba inakufa nayo. Wakati mwingine diski haifi. Hapo naisaidia mimi.

Mnayajua marudio. Nani mkoa huu asiyeyajua marudio? Mchimbaji anatoka Rwamgasa na viroba vyake vya mawe, anasagiwa kwenye karasha, anaosha, anakamata kwa zebaki, anapata vipointi vyake, anaondoka anaimba. Mchanga uliobaki, ndiyo marudio yenyewe, anamwachia mwenye mwalo, maana machoni pake ni uchafu. Mwenye mwalo haimbi. Anaukusanya, anaupeleka kwenye sainaidi, na dhahabu iliyobaki inatoka, tena pengine nyingi kuliko ile iliyoimbiwa. Hajaiba kitu. Ni desturi ya machimbo.

Basi mimi ni mwenye mwalo wa kompyuta. Mama analeta laptopu mpya, anataka nimwekee miziki na michezo ya watoto. Naiona ile patisheni, GB kumi na kitu zimekaa tu. Naifuta. Namwambia, "Mama, nimekuongezea nafasi." Anashukuru, na ananilipa kwa kazi hiyo! Tangu saa ile hana pa kurejea isipokuwa kwangu.

Dunia haikutaka tustarehe. Zamani ufunguo wa leseni, herufi na tarakimu 25, ulibandikwa kikaratasi tumboni mwa laptopu, ukafutika taratibu kwa jasho la mapaja. Neema tupu. Mwaka 2012, mwaka uleule tuliopewa mkoa wetu wa Geita, ikatoka Windows 8, na watengenezaji wakaanza kuuweka ufunguo huo ndani ya mazabodi. Maana yake mashine inaijua leseni yake yenyewe. Ukiirudishia toleo lilelile ililozaliwa nalo, ikipata intaneti inajithibitisha, hulipi senti.

Nililala na jambo hili, nikaamka na jibu. Mteja mwenye Windows Home namwekea Pro. Namweleza kwa upole kwamba Home ni ya nyumbani, na wewe, kaka, una ofisi. Ufunguo wa Home hauifungui Pro, kwa hiyo natia dawa yangu ya kuvunja kufuli. Antivairasi naizima kwanza, maana ina wivu. Baada ya muda maandishi hafifu yanajitokeza chini, pembeni kulia, yanadai leseni, na kaka anarudi. Nendeni Dar es Salaam mkaulize wachumi huo mzunguko wa fedha unaitwaje.

Na Windows 11 imenipa heshima nisiyoitegemea. Laptopu nyingi za siku hizi hujifunga diski zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku ya matatizo zinadai tarakimu 48, nazo zimehifadhiwa kwenye akaunti iliyofunguliwa siku ya kwanza. Akaunti ya nani? Yangu. Kila laptopu niliyoiwasha mara ya kwanza, kuanzia sokoni mpaka stendi, nimeingiza barua pepe yangu, kwa moyo wa kusaidia watu wasio na barua pepe. Nusu ya biashara za mji huu ziko mikononi mwangu. Nenosiri nimelisahau, lakini dhamana ni dhamana.

Sasa maagizo. Mkifika nyumbani, msiende kwenye kisanduku cha kutafutia mkaandika Recovery Drive. Wabishi watakaoandika, nawasihi wasiweke tiki pale panapouliza kama wanataka mafaili ya mfumo yanakiliwe pia. Flashi isiyo na tiki hiyo inabeba zana za matengenezo tu, Windows yenyewe haimo, na mwenye nayo atakuja kwangu akiwa mnyenyekevu. Tiki ile ndiyo inayoninyima usingizi.

Msinunue flashi halisi ya GB 32. Nunueni zile za kupangwa chini zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya chipsi mayai: zinapokea kila kitu na hazirudishi kitu. Na mziache humo kwaya na picha za send-off, kwa sababu zoezi zima linaanza kwa kufuta kila kilichomo. Zaidi ya yote msifanye siku ya kwanza, mashine ikiwa nzima. Ngojeni iharibike ndipo muanze kuwaza.

Nasikia mwalimu anawaambia pia kwamba aliyekwisha kuchelewa anaweza kuazima kompyuta nzima ya jirani, akapakua bure programu ya Microsoft yenyewe, na flashi ya GB 8 ikamtosha. Ni kweli, na ndiyo maana nalaani. Ila mjue bando litawatoka: faili lenyewe linazidi GB tano, bado hamjatafuta draiva kwenye tovuti ya aliyeitengeneza laptopu.

Naona mkono kule nyuma. Mzee wa karasha anauliza kama flashi hiyo itamrudishia daftari lake la wadaiwa. Haitarudisha, mzee. Rikavari inairudisha Windows ilivyotoka kiwandani, na kiwandani hawamjui mdeni wako hata mmoja. Hesabu zinanakiliwa mahali pengine, kwa mkono wako, kila zinapobadilika. Za kwako za mwaka jana? Zilikuwa kwangu, mzee, kwa usalama. Nilipiga Windows juu yake.

Mikono imekuwa mingi na jua linazama. Maswali mengine yaje kibandani: swali ni shilingi elfu mbili, jibu elfu kumi na tano, na mashine ya risiti ni mbovu. Inasubiri fundi.