Jinsi ya Kuishi Ughaibuni Bila Kutoka Kwala

Zamani, mtu akitaka kuushangaa ulimwengu ilimbidi atafute pasipoti, akope nauli na amlize mama yake uwanja wa ndege. Sisi wa Kwala tumepunguziwa gharama. Tulilala wanakijiji wa Kibaha, tukaamka tuna majirani wa Burundi, Rwanda, Zambia na Kongo, kila nchi imetengewa eneo lake la mizigo katika bandari kavu, na kando yao Wachina wanajenga viwanda. Rais Samia alipoizindua bandari hiyo tarehe 31 Julai 2025, ughaibuni ukawa rasmi. Kilichobaki ni wewe mwenyeji ujue namna ya kuishi humo.

Anza na neno lenyewe, bandari. Binamu yako wa Mafia akikupigia simu kuuliza bei ya changu, usimcheke. Mweleze taratibu kwamba hapa panavuliwa makontena, na mtego umeundwa kupokea 823 kwa siku, yakisafiri kilomita zipatazo 90 kutoka Dar es Salaam bila kulowa. Akiuliza sasa bahari iko wapi, mwambie inakuja awamu ya pili.

Kisha uiweke kabatini ile kanuni ya wazee ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Mgeni wa siku hizi anashuka na katapila siku ya kwanza, na yeye ndiye anayekuuliza kama umewahi kushika jembe na kama una cheti.

Salamu zitakutesa zaidi. Umelelewa kumpa shikamoo aliyekuzidi umri, lakini fundi wa Kichina ukimtazama chini ya kofia yake ngumu huwezi kujua kama ni mwanao au baba yako mdogo. Ukinyamaza, umekosa adabu. Ukiamkia, huenda umemwamkia kijana wa miaka 23. Kabla hujaamua, yeye ameshakuita "rafiki" na kwenda zake, hata hajauliza watoto wameamkaje. Usinune. Hapa kwetu urafiki huiva kwa miaka, pamoja na misiba miwili na deni moja. Kwake huanza saa ya kuingia kazini.

Na saa yenyewe ni mtihani. Fundi akiambiwa kazi inaanza saa mbili, atatazama mkono wake na kuona nane. Hapo hapo Beijing ni saa saba mchana, mkewe anapiga simu kuuliza kama ameshakula. Dereva wa Lubumbashi naye, ambaye hajabadili saa tangu avuke mpaka, ana saa moja asubuhi na anaona hana sababu ya kuamka. Ushauri wangu: agana na watu kwa jua. Sema "likifika juu ya mwembe." Wachache watafika, lakini hakuna atakayebisha.

Mbuzi wako pia ni mhamiaji, usimsahau. Reli ya Mjerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilikuja kupata tabia za kijijini: treni inapiga honi, mbuzi anamalizia jani lake, kila mmoja anaendelea na safari. Hii mpya ya umeme ina uzio na vivuko maalumu. Mbuzi wa Kizaramo hajazoea kuelekezwa mahali pa kupita. Nenda naye kivukoni mara tatu nne, na umwoneshe wewe mwenyewe kwa kutangulia.

Lakini aliyefaulu mtihani huu kutupita wote ni bibi mmoja muuza chakula. Siku za mwanzo dereva Mkongomani alisimama mbele ya sufuria zake, akaomba bukari na sombe. Bibi akajibu kwa masikitiko kwamba hivyo havipo, labda ajaribu Mlandizi. Dereva akaondoka na njaa yake, akiuacha ugali wa moto na kisamvu cha nazi vikitoa moshi. Bukari ni ugali. Sombe ni kisamvu. Siku mbili baadaye akaja Mzambia anatafuta nshima. Akafukuzwa vilevile kwa upole, kutoka kwenye sufuria ile ile.

Alipoelezwa, bibi alikaa kimya akipiga hesabu ya sahani alizopoteza. Kesho yake akatundika ubao, maandishi ya chaki: *Ugali, bukari, nshima – vyote vipo, bei moja.*

Juzi alipita mzee wa Kizaramo kutoka upande wa Kisarawe. Akausoma ubao, akaurudia, akauliza bukari ndiyo kitu gani.

Bibi akampima kuanzia kofia hadi kandambili.

"Kwani baba," akamuuliza, "wewe mgeni hapa?"