Kamba Yenye Fundo Moja

Nyumba yetu ya Morogoro ina sebule na vyumba viwili. Kimoja tunalala sisi, cha pili anaishi mdogo wangu aliyekuja kwa wiki mbili tangu mwaka juzi. Kwa hiyo mke wangu aliposema Kijacho anahitaji chumba chake, tulichoweza kumpatia ni pembe: nafasi iliyopo kati ya kabati la nguo na ukuta wa dirishani. Tukawa tunaiita "chumba cha mtoto" kwa sauti kubwa, hadi mdogo wangu akaanza kuosha vyombo bila kuambiwa.

Futi kamba yangu ilikuwa kwa fundi jirani, na kitu kikiazimwa na fundi yule huwa kimehamia. Nikachukua kamba ya katani, nikaivuta kutoka kabatini hadi ukutani, nikapiga fundo pale ilipoishia. Kitanda kitakachozidi fundo hakituhusu. Nikaitia mfukoni, najiona mhandisi.

Mama mkwe alipopigiwa simu akauliza swali moja tu: "Mnakwenda Dar kumnunulia kitanda mtu ambaye hajalia?" Kwake yeye, kabla mtoto hajalia hununui kitu zaidi ya kanga. Nesi wa kliniki naye alishatupa orodha yake: doti za kanga, beseni, pamba, glavu, mpira wa kujifungulia. Ile ilikuwa orodha ya watu wazima. Yetu tuliitunga usiku tukiangalia video kwenye simu, na juu kabisa palikuwa na pazia la twiga na taa ya umbo la mwezi.

Zamani Dar ilikuwa safari ya kuaga majirani. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, hata saa mbili hazitimii umeshafika. Mimba ya miezi saba lakini ina ratiba yake. Choo cha kwanza kilikuwa kabla ya Ngerengere, cha pili Ruvu, cha tatu Soga. Pugu sikuiona kabisa, nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika mkoba.

Kariakoo wanalisoma tumbo kutoka mbali. "Mama kijacho, njoo kwa mwanao!" "Shemeji, mlete dada akae!" Dada akishakaa kwenye kistuli, bei inasimama. Nguo ya kichanga aliyoinunua mtu mbele yetu kwa elfu tano, kwetu ikawa elfu nane, na muuzaji akaapa kwamba anatupa kwa huruma.

Tukabadili mbinu. Mke wangu akabaki kwa mamantilie na sahani ya wali maharage, mimi nikaingia peke yangu duka la vitanda kwa uso wa mtu asiye na mtoto, asiye na mpango wa mtoto. Tulianzia laki mbili na nusu. Nikatoka nje mara mbili, nikaitwa mara mbili. Tulipofika laki na sabini, muuzaji akiwa ameshavuta kitabu cha risiti, nikasikia nyuma yangu: "Baba Kijacho! Hiki hiki! Ndicho nilichokiota!" Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, tumbo limetangulia. Muuzaji akakifunga kitabu taratibu, kama imamu anayefunga msahafu. "Laki mbili na ishirini, shemeji. Hongereni."

Angalau nipime. Nikatia mkono mfukoni: hamna kamba. Ndipo nikakumbuka. Saa moja kabla, tuliponunua pazia na kigodoro, kijana aliniuliza, "Bosi, una kamba?" Nami nikampa, tena kwa fahari ya mtu aliyejiandaa. Nikautazama mzigo. Kijana wa Kariakoo akifunga mzigo amefunga. Kamba yangu ya fundo moja sasa ilikuwa na mafundo tisa, na langu halikuwa na jina.

Nikakumbuka kwamba ile pembe ilikuwa kama mikono yangu miwili nikiinyoosha, pungufu kidogo. Nikainyoosha katikati ya duka, nikasogea ubavu ubavu hadi kwenye kitanda bila kuikunja. "Shemeji anapaa!" mtu akapiga kelele kutoka barabarani. Nikasema kinatosha. Mtu aliyesimama vile hadharani hana budi kusema kinatosha.

Jina la Kariakoo limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jioni ile nilikiendeleza kikosi: boksi begani, kigodoro kwapani, taa ya mwezi shingoni, na kamanda mbele yangu akinielekeza nisimgonge.

Nyumbani tulifungua boksi. Maelekezo yalikuwa ya Kichina, yenye picha ya mwanamume anayetabasamu akiwa na bisibisi. Mimi nilimaliza saa sita usiku, sitabasamu hata kidogo, na skrubu sita zimebaki mkononi. Kitanda kikasimama. Kikazidi pembe kwa vidole vinne.

Ikabidi kitanda chetu kisukumwe hadi ukuta wa pili, ambao ndio upande ninaolala. Sasa nikitaka kushuka usiku natambaa hadi miguuni, kama mtoto.

Mama mkwe alikuja wiki iliyofuata. Akatazama twiga, akatazama mwezi, akakitikisa kitanda kidogo kwa kidole. "Baba, beseni liko wapi?"

Tukatazamana. Kanga? Pamba? Glavu? Mpira? Orodha ya nesi ilikuwa bado imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Vyote tulivipata asubuhi ile ile hapa hapa Morogoro, Soko la Chifu Kingalu na duka la dawa, na hapakuwa na haja ya kupanda treni.

"Mtoto atalala na mama yake," mama mkwe akasema, huku akipanga kanga zake na mkoba ndani ya kitanda cha laki mbili na ishirini. "Ila hiki kimenifaa."

Ile kamba nimeifungua mafundo, yote isipokuwa moja ambalo naamini ni langu, nikaitundika dirishani kungojea nepi. Inatosha nepi nne. Nimepima.